Usitume hiyo advansi. Nenda kwanza ukakae mwenyewe, Jumamosi, saa tatu usiku

Mkuu, simama hapo hapo. Hiyo laki mbili usiitume.

Umeandika kwamba mko 12, mlisoma pamoja, mnakutana Dar mwisho wa mwezi, kila mtu ana 60,000, mnataka sehemu iliyochangamka. Unauliza iwe Masaki au Sinza, mvae nini, na mtarudije Mbezi usiku. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, umechomekea kwamba kuna kijana Instagram amekuambia meza ya VIP ina kima cha chini cha matumizi cha 600,000, na umtumie 200,000 leo kabla ya saa kumi na mbili jioni, la sivyo anampa mtu mwingine. Niliposoma mstari huo moyo ulinidunda. Ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi, mpaka hilo la saa kumi na mbili.

Na wewe uliyemjibu hapo juu kwamba "hiyo ndiyo bei ya mjini, tuma tu", naomba usome hadi mwisho kabla hujamshauri mtu mwingine.

Sisi tulikuwa 11, ukiacha mgeni wetu. Rafiki yetu alikuwa amekuja likizo kutoka Muscat, anafanya kazi huko, miaka minne hatujamtia machoni. Katika miaka hiyo alifiwa na mama yake na hakuweza kuja kuzika. Tukasema safari hii tumtoe, akae katikati yetu, ale, acheke, atusimulie. Kila mmoja akachanga 100,000, jumla 1,100,000, na kwa wengine wetu hiyo haikuwa hela ndogo. Kazi ya kutafuta sehemu nikapewa mimi, kwa kuwa naishi Mikocheni na wenzangu waliona viwanja vya huku navijua.

Sikuvijua. Nilichokuwa nakijua ni video. Kuna jamaa mwenye wafuasi wengi, kila Ijumaa anarusha vipande vya watu wanacheza juu ya viti, moshi, taa, sahani kubwa ya nyama inapita juu ya vichwa. Nikamwandikia. Akajibu kwa heshima kubwa, dada hapa, dada pale. Kima cha chini milioni moja, advansi laki tatu, meza nzuri "karibu na burudani". Nikamuuliza, hiyo milioni ni pamoja na chakula? Akajibu, "Dada usiwe na wasiwasi, mtakula mpaka mseme basi." Leo nikiisoma meseji ile naona kabisa kwamba swali langu hakulijibu. Siku ile niliisoma nikatabasamu.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo pesa yangu ilipopotelea. Nilipoingiza namba ya kutumia, simu ikaniletea jina la mpokeaji kabla sijaweka namba ya siri. Lilikuwa jina la mtu. Si jina la mgahawa, jina la mtu, majina yake mawili. Nililiona. Kidole kilisimama juu ya kioo kwa sekunde kadhaa. Nikajiambia labda ni mhasibu wao. Nikabonyeza.

Jumamosi tukafika saa mbili na nusu. "Karibu na burudani" maana yake ilikuwa kwapani mwa spika. Spika nyeusi yenye urefu wa mtoto wa darasa la nne, na meza yetu imeegemezwa pembeni yake. Muziki ulipopanda, maji kwenye glasi yakawa yanatetemeka, yanafanya viduara kama mvua ya rasharasha inavyofanya kwenye dimbwi. Nilikaa mtu wa pili kutoka kwa mgeni wetu na sikusikia hata sentensi yake moja nzima. Alianza kutusimulia siku aliyopigiwa simu kuhusu mama yake. Nilimwona midomo inacheza, nikaona macho yanajaa, na aliyekuwa karibu naye akamwegemeza kichwa begani. Sisi wengine kumi tukawa tunaangalia kama watu wanaotazama taarifa ya habari kwenye televisheni iliyozimwa sauti. Akanyamaza. Hakuirudia hadithi ile usiku huo, na baada ya siku sita akapanda ndege.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha. Lakini na fedha nitazisema, maana wewe ndiko unakoelekea.

Chakula tuliagiza saa tatu kasoro. Mishikaki, kuku, ndizi, samaki wawili wakubwa. Kilikuja saa tano na dakika kumi, samaki mmoja hakuja kabisa, mishikaki imepoa mpaka mafuta yameganda meupe kwenye sahani. Kumbe jiko lilikuwa na wapishi wawili kwa watu waliojaa mpaka kwenye ngazi. Zile nyama zinazopita juu ya vichwa kwenye video, sijui zilipikwa siku gani.

Bili ikaja saa saba usiku, kwenye lile jalada jeusi. Nikawasha tochi ya simu kuisoma. Mimi nilikuwa na hesabu yangu kichwani: chakula 486,000, soda, juisi na maji 174,000, mvinyo na bia 210,000. Jumla 870,000. Nikawa najua kwamba milioni hatujaifikisha, bado 130,000, basi tutalipa milioni na yaishe.

Bili ilisema 1,826,000.

Nikamwita mhudumu, mhudumu akamwita msimamizi. Akanieleza taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeshaieleza mara nyingi. Kima cha chini, dada, ni cha chupa. Chakula hakihesabiwi humo. Soda hazihesabiwi. Kati yetu 11, saba hawanywi pombe kabisa, na hao saba ndio walioagiza juisi zao kwa furaha wakidhani wanaisogeza ile milioni. Kwa hiyo milioni ikabaki palepale, ikajumlishwa na 660,000 ya chakula na vinywaji baridi, juu yake asilimia 10 ya tozo ya huduma, 166,000. Tozo hiyo iliandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa menyu, chini kabisa, herufi za kutafutwa.

Nikasema sawa, toeni laki tatu yangu ya advansi. Akafungua daftari. Kwake iliandikwa laki moja.

Laki mbili zilibaki kwa yule jamaa. Nilimpigia palepale, nikaziba sikio moja kwa kiganja. Akaniambia hiyo ni hela ya kushikiwa meza, "kila mtu mjini anajua". Huyu mtu aliniita dada mara kumi na mbili kwenye meseji, nilikuja kuzihesabu baadaye, na hakuna hata mara moja aliyoniambia kwamba analipwa kwa kila kichwa anachokipeleka pale. Anasifia chakula ambacho sidhani kama amewahi kukisubiri saa mbili akiwa na njaa. Ningemsamehe kama angesema tangu mwanzo, mimi ni dalali, kamisheni yangu ni laki mbili. Nyumba nimepangiwa na dalali, nikamlipa, hatuna ugomvi. Yule hakuwa dalali, alijifanya rafiki.

Mkononi tulikuwa na 800,000. Zilidaiwa 1,726,000. Mgeni wetu akafungua pochi akaanza kutoa riali, tukamzuia kwa nguvu, wawili wamemshika mikono. Tulibishana karibu saa nzima. Mwishoni wakafuta tozo ya huduma, wakapunguza, tukakubaliana 1,350,000, na ili "haki itendeke" wakatupa chupa mbili za whisky tubebe nyumbani. Zilizopungua zilikuwa 550,000. Watatu walitoa 50,000 kila mmoja. Laki nne zilizobaki nilizitoa mimi, na zilikuwa ada ya mwanangu ya muhula uliokuwa unaanza Jumatatu ya wiki iliyofuata. Nilikwenda kumwomba mwalimu mkuu anipe wiki tatu. Kundi letu la WhatsApp nalo likakaa kimya muda kama huo, kila mtu anaona aibu kuwa wa kwanza kuandika.

Kwa hiyo nisikilize. Sheria yangu ni moja, na tangu siku ile sijaivunja: usimpeleke mtu mahali ambapo wewe mwenyewe hujakaa, siku ileile ya wiki, saa ileile. Sisemi kupita nje. Wala kwenda Jumanne mchana ukakuta pametulia, upepo mzuri, mhudumu anakuchekea. Mgahawa wa Jumanne mchana na wa Jumamosi saa tatu usiku ni sehemu mbili tofauti zenye bango moja.

Nenda na mtu mmoja. Agizeni soda mbili na sahani moja ya kitu kinachopikwa, usiagize karanga. Angalia saa unapoagiza, angalia saa kinapofika. Ongea na mwenzako kwa sauti yako ya kawaida, akikuambia "eh?" mara tatu, inukeni, pale hapafai kwa watu waliokaa miaka bila kuonana. Kuchangamka ni watu kucheka meza kwa meza. Spika inayokupiga kifuani haichangamshi mtu yeyote, inamnyamazisha. Chungulia jikoni kama panaonekana. Nenda msalani, maana watu 12 watakwenda. Piga picha kila ukurasa wa menyu mpaka wa mwisho.

Kisha omba bili, na usiishie kwenye ile karatasi ya kwanza wanayokuletea, hiyo mara nyingi ni hesabu tu. Dai risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Ina jina la biashara na TIN, yaani namba yao ya mlipakodi, na VAT kama wanaitoza utaiona imeandikwa. Ukishaishika, unajua bei ya kweli ya mahali pale, kila kitu kikiwa ndani. Gawa kwa wawili, kisha zidisha kwa 12.

Ukipaona pazuri, muulize msimamizi mwenyewe, ukiwa umesimama mbele yake: kima cha chini kinahesabu nini? Chakula kimo? Soda zimo? Tozo ya huduma ipo? Jiko linafunga saa ngapi? Mwambie akuandikie kwenye WhatsApp namba yake na yako zikiwepo. Kama kuna advansi, ilipwe kwenye Lipa Namba ya mgahawa, na jina litakalokuja kwenye simu liwe lile lililoandikwa kwenye risiti uliyonayo mkononi. Likija jina la mtu, futa. Usijiambie labda ni mhasibu.

Hayo yote yatakugharimu labda 30,000 na nauli. Mimi ningeifanya kazi hiyo wiki moja kabla, ningeiona spika kwa macho yangu na kuisikia kwa kifua changu, na rafiki yangu angemaliza hadithi yake.

Masaki au Sinza? Kwa 60,000 kwa kichwa, Sinza, bila kufikiri mara mbili. Bia niliyozoea kuinunua 2,500 Sinza, kule kwenye meza ya VIP ilikuwa 6,000, na ni chupa ileile, imetoka kiwanda kilekile. Mtakaa wazi, kuku wanachomwa mbele yenu, kachumbari na pilipili mezani, na nyama unalipia kwa kilo iliyopimwa ukiona. Na kama mnataka muziki, tafuteni sehemu yenye bendi badala ya didjei. Hao kina Msondo na Sikinde wamefunza jiji hili kucheza tangu wazazi wetu ni vijana, Msondo ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, Sikinde ikaja 1978, na bendi ya dansi ina jambo moja zuri sana kwa watu kama nyinyi: wanamuziki wanachoka. Wanapumzika. Katika mapumziko hayo ndipo watu wanapoongea. Didjei hapumziki mpaka umeme ukatike.

Ila hata hiyo Sinza usinichukulie kwa maneno yangu. Mimi ni mtu wa mtandaoni tu kama yule jamaa, hunijui. Baa ya mwaka jana si ya mwaka huu, mpishi anahama, mwenye mali anabadilika, na nyingine NEMC, wale wa baraza la mazingira, wamezifungia kwa kelele. Nenda.

Tena leo ni Alhamisi, una Jumamosi moja kabla ya siku yenu. Mjibu huyo kijana kwamba ampe mtu mwingine meza, halafu keshokutwa saa tatu usiku uwe umeshakaa mahali na mwenzako mmoja. Ukirudi andika hapa soda ilikuja shilingi ngapi na chakula kilichukua dakika ngapi. Nitakuwepo, hata kama ni saa nane usiku.