Umechemsha Majani Hujapata Kitu? Usiache Mada

Jana usiku nimepata meseji ya dada mmoja yuko mwaka wa tatu, kachemsha majani ya atemisia (mmea unaotoa atemisinini, dawa ya malaria) nusu saa, kachuja, kaweka kwenye oveni maji yaishe, saa hizi ana unga wa kahawia kwenye chupa na kwenye pleti ya TLC (kibati kinachotenganisha kemikali zionekane kama madoa) haoni kitu. Anauliza abadilishe mada ya utafiti wake? Nimeisoma mara tatu maana huyo ni mimi kabisa miaka ile, hata zile dakika 30 ni zilezile.

Mi nilichemsha kwa sababu nyumbani bibi anachemsha. Mwarobaini unachemshwa, mlonge unachemshwa, nikaona ndo njia yenyewe. Ikaenda miezi minne, majani niliyochuma mwenyewe mpaka mgongo ukawaka, na hela ya kemikali aliyonichangia kaka yangu. Siku ya kuwasilisha, msimamizi mmoja akasema mbele ya wenzangu, "wewe umepika chai." Watu wakacheka. Nilienda kujifungia chooni nikalia, na mpaka leo nikipita ule mlango moyo unashtuka. Kuhusu chai alikuwa sahihi, ila hakunionyesha njia, na hilo ndo linaniuma.

Njia nilikuja kuiona kwenye habari ya mwanasayansi Tu Youyou wa China. Timu yake ilihangaika kutafuta dawa ya malaria kwenye mmea huuhuu, leo dawa inafanya kazi kwa panya kesho haifanyi, mpaka akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliyesema uchukue konzi ya mmea, uloweke kwenye maji, ukamue unywe. Kuloweka jamani, kuchemsha hakutajwa! Akawaza huenda joto ndo linaharibu, akahamia kwenye etha, kimiminika cha kuyeyushia ambacho kinachemka kwenye nyuzi 35 hivi tu, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikamaliza vimelea vyote vya malaria kwenye panya. Mwaka 2015 akapewa Nobeli. Nilivyosoma pale nikafunga laptop nikaanza upya.

Sasa sikilizeni. Kabla hujagusa jani, jua unachotafuta kinayeyuka kwenye nini. Atemisinini haipendi maji, inapenda heksani (kimiminika cha kuyeyushia vitu visivyopenda maji) na wenzake, na mara nyingi haifiki hata asilimia 1 ya uzito wa majani makavu, kwa hiyo ukizembea kidogo imeondoka. Mi nilikausha kivulini, nikasaga, nikaloweka kwenye heksani masaa 24 huku natikisa, nikachuja, nikarudia mara tatu kwa majani yaleyale, halafu rotavapo (mashine ya kuvukiza kimiminika taratibu kwa joto dogo) kwenye nyuzi 40 nikiwa na subira, siyo oveni. Na heksani inashika moto haraka sana, usiisogeze karibu na jiko, mvuke wake usiuvute.

Kingine kilichonitesa wiki nzima: ukimulika pleti kwa taa ya UV atemisinini haionekani, yenyewe karibu hainyonyi mwanga ule kabisa. Nilishakata tamaa tena. Ukipuliza vanilini yenye asidi ya salfuriki ukapasha pleti joto ndo doa linatokea, na pembeni lazima uwe umeweka atemisinini safi ya kulinganisha. Langu lilivyotokea sawasawa na lile safi nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja.

Wadogo zangu, tuwe tunauliza mapema, na sisi tuliotangulia tukiulizwa tujibu, kumcheka mtu hakujawahi kutoa ekstrakti kwenye jani. Halafu majani yote msiyatie kwenye jaribio moja, bakisheni nusu.

Dada, mada usiache. Na ule unga wa kahawia usiumwage, uandikie lebo "maji, kuchemsha dakika 30", ukishapata ekstrakti yako ya heksani ziweke zote mbili kwenye pleti moja na ile safi katikati, upulize. Hiyo ni picha nzuri sana ya kuweka kwenye ripoti yako, mimi wangu niliumwaga kwa hasira.