Kupima Gamba kwa Vigezo vya Raup: Kwa Wanaoanza

Wengi humjua David Raup (1933–2015), mwanapaleontolojia wa Marekani, kwa hoja zake kuhusu kutoweka kwa viumbe. Anayeingia kwenye paleontolojia (elimu ya visukuku) ya kinadharia, hata hivyo, afadhali aanze na magamba, yaani nyumba ngumu za konokono na jamaa zao. Mwaka 1966 Raup alionyesha kuwa sehemu kubwa ya magamba yaliyojiviringisha huchorwa na kompyuta kwa vigezo vinne: umbo la mdomo (S), kasi ya kupanuka kwa kila mzunguko (W), umbali wa mdomo kutoka kwenye mhimili, yaani mstari ambao gamba huuzunguka (D) na mteremko wake kuufuata mhimili (T). Amonaiti (jamaa wa pweza waliotoweka, wenye magamba) wengi ni bapa, T yao ni sifuri, hivyo ukiacha S, zinabaki W na D.

Piga picha kamera ikiwa wima juu ya kisukuku, kisha chora mstari mmoja unaopita kwenye mhimili. Kutoka kwenye mhimili, pima hadi ukingo wa nje wa mzunguko wa mwisho (a), hadi ukingo wa nje upande wa pili, yaani nusu mzunguko nyuma (b), na hadi ukingo wa ndani upande wa a (c). Gawanya a kwa b, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: hiyo ni W. D ni c gawanya kwa a.

Tuseme a ni mm 40, b mm 28 na c mm 16. W ni 2.04, D ni 0.40. Kwa kuwa D ni ndogo kuliko 1/W (0.49), mizunguko inapandana. Sasa kosea mhimili kwa mm 1 tu: a inakuwa 41, b 27, c 17. D inasogea hadi 0.41 tu, lakini W inaruka hadi 2.31, kwa sababu kosa linaongeza a na kupunguza b kwa pamoja, kisha jibu la mgawanyo huo linazidishwa kwa lenyewe. Ndiyo maana mhimili hutafutwa upya mara kadhaa, na gamba lililobanwa na mashapo huachwa. Usichanganye wachanga na wakubwa pia. W inaweza kubadilika gamba linapokua.

Ukiweka W na D za spishi nyingi kwenye grafu, utaona maeneo matupu. Usikimbilie kusema maumbo hayo hayawezekani. Huenda sampuli yako ni ndogo, au ni bahati tu. Mwaka 1973 Raup na watafiti wenzake Gould, Schopf na Simberloff waliiachia kompyuta izalishe na kuua koo za viumbe kwa kubahatisha, na mifumo iliyotoka ilifanana mno na ile ya visukuku halisi. Kwa hiyo tengeneza kwanza grafu za kubahatisha zenye idadi ileile ya spishi, uone kama pengo lako linajitokeza humo pia.