Mayai yataondoa madoa ya meno?

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 8. Meno ya utoto yalikuwa meupe, lakini haya mapya ya mbele yameota na michirizi ya kahawia. Tunaishi Maji ya Chai, Arusha, tangu kabla hajazaliwa. Dada yangu anasema meno hujengwa kwa protini, nimpe mayai kila siku. Yatasaidia? Nina na mdogo wake wa mwaka mmoja.

JIBU: Marahaba, mama. Mayai mpe, ila madoa hayatoki. Dada yako hajakosea kuhusu protini, amekosea wakati.

Marehemu baba alikuwa fundi ujenzi, nami huzielewa protini hizi kwa kukumbuka akimwaga lenta. Ndani ya mfupa wa taya na dentini, sehemu ya ndani ya jino, kuna kolajeni. Hiyo ni nondo: madini ya kalsiamu na fosfeti hujishika juu yake, nayo inabaki humo. Enameli, gamba la nje, ni habari nyingine. Protini yake kuu, amelojenini, ni zile mbao za kuzuilia zege. Inasaidia fuwele za madini zirefuke kwa mpangilio, kisha vimeng'enya vinaikatakata iondoke, fuwele zinenepe na kujaza nafasi. Ndiyo maana enameli iliyokomaa ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake.

Maji ya huko yana floraidi nyingi. Ikizidi jino likiwa bado ndani ya taya, mbao zinachelewa kubomolewa. Enameli inatoka na vitundu vidogo mno, na jino likishaota vinanyonya rangi. Mimi mwenyewe ninayo madoa hayo. Shuleni Dar walijua nimetoka wapi kabla sijataja kwetu.

Seli zinazotengeneza enameli hufa jino linapoota, kwa hiyo hakuna chakula cha kuirudia kazi hiyo. Daktari wa meno anaweza kukwangua tabaka jembamba la juu, au kulifunika kwa kijazio cha rangi ya jino. Msiwe na haraka, yaacheni yaote yote.

Mwenye haraka ni huyo mdogo: enameli ya meno yake ya ukubwani inajengwa sasa hivi. Uji wake upike kwa maji ya mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, ndiyo kwanza inakolea. Na makande yake yasitiwe magadi, nayo yanabeba floraidi.