Pointi za kadi, makato ya akaunti na maswali mengine mliyoleta

Kahawa ya Mbozi na mpunga wa Kyela vikishavunwa, fedha huingia kwenye akaunti kwa mkupuo, na maswali nayo huja kwa mkupuo. Nimechagua saba. La kwanza limechukua nafasi kubwa kwa sababu wazazi wengi wa huku wana watoto nje ya nchi, na sijaona likielezwa vizuri kwa Kiswahili.

Kijana wangu yuko Texas, Marekani, mwaka wa pili sasa. Benki ya huko imemwahidi pointi 60,000 akichukua kadi yao ya mkopo na kutumia dola 4,000 ndani ya miezi 3. Anasema atazifikia kirahisi kwa kunitumia hela ya bati na saruji ya nyumba tunayojenga. Huu si utapeli? (Mama, Uyole)

Shikamoo mama. Si utapeli. Pointi ni alama ambazo mteja hulimbikiza kwenye kadi, kisha huzibadilisha kuwa fedha au safari. Benki za Marekani hushindana kupata wateja wapya kwa zawadi za namna hiyo, na huzitangaza hadharani. Mwaka 2016 benki ya Chase ilipotoa kadi iitwayo Sapphire Reserve kwa zawadi ya pointi 100,000, maombi yalifurika hadi malighafi ya kutengenezea zile kadi za chuma ikawaishia. Fedha ya zawadi inatoka sehemu mbili. Kila mteja anapolipa kwa kadi dukani, mwenye duka hukatwa asilimia ndogo na sehemu yake huirudia benki iliyotoa kadi. Sehemu ya pili, ambayo ni nono zaidi, ni riba ya wale wanaoshindwa kulipa deni lote mwezi ukiisha. Kijana akikaa upande wa wanaolipa lote, anapokea zawadi iliyolipiwa na wengine. Akiteleza, ndiye anayewalipia wengine.

Kinachonitia wasiwasi ni bati na saruji. Kutuma pesa kwa kadi ya mkopo kupitia kampuni za kutuma fedha, benki nyingi za kule hukuhesabu kuwa ni kuchukua pesa taslimu, hata kama hakugusa noti. Hapo atakatwa ada papo hapo, mara nyingi kati ya asilimia 3 na 5. Riba itaanza siku hiyo hiyo, bila zile wiki za nafuu anazopewa mtu aliyenunua bidhaa. Na kubwa zaidi, kiasi hicho hakiingii kwenye zile dola 4,000. Anaweza kutuma dola 3,000 akaamini amebakiza 1,000, kumbe kwenye hesabu ya benki bado yuko sifuri na wiki zinakwenda.

Mwambie hivi. Pesa ya ujenzi aitume kutoka akaunti yake ya kawaida ya benki, kama alivyozoea. Kwenye kadi aweke vitu ambavyo angenunua hata kama kadi isingekuwepo: mafuta ya gari, chakula, simu, bima ya gari. Vikifika kama dola 1,350 kwa mwezi, anafikia lengo bila kujikamua. Visipofika, aachane na ofa hiyo na atafute yenye masharti madogo. Asianze kununua televisheni ili kufukuzia pointi.

Asome pia siku. Miezi mitatu kwa kawaida huhesabiwa tangu ombi lilipokubaliwa, si tangu kadi ilipomfikia kwa posta. Ada ya mwaka ya kadi nayo haihesabiwi. Na siku ya kwanza kabisa, kabla hajanunua hata soda, aweke malipo ya moja kwa moja ya deni lote lililo kwenye taarifa ya mwezi. Pale atakutana na chaguo la "kiwango cha chini", yaani kulipa sehemu ndogo tu ya deni na kuliacha lililobaki. Hicho ndicho kinachowaumiza watu. Akibaki na deni la dola 2,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, ni kama dola 40 kila mwezi. Pointi 60,000 akizichukua kwa thamani ya senti moja moja ni dola 600, kwa hiyo miezi 15 ya deni hilo inaimeza zawadi yote.

Mwisho, yeye bado mgeni kule, na jina lake kwenye daftari la mikopo bado changa. Katika alama za FICO, ambazo wakopeshaji wengi wa Marekani huzitazama, asilimia 35 hutokana na kulipa kwa wakati. Kila ombi la kadi huacha alama kwenye daftari hilo kwa miaka miwili, na Chase kwa kawaida humkataa mtu aliyefungua kadi tano au zaidi ndani ya miezi 24. Achukue moja, aizoee mwaka mzima. Na wewe mama, katika hiyo miezi mitatu usimharakishe na bati. Kijana akibanwa na nyumbani huku anabanwa na kadi, ndipo anapoamua vibaya.

Kamwene. Mshahara wangu unapitia benki moja, lakini nina akaunti nyingine mbili nilizofunguliwa kwenye semina. Salio linapungua na mimi sijatoa hata shilingi. (Mwalimu, Ipogolo, Iringa)

Kamwene, mwalimu. Nenda tawini uombe taarifa ya akaunti ya miezi mitatu kwa kila moja, iliyochapishwa, kisha kaa nayo mezani na kalamu nyekundu kama unasahihisha madaftari. Utakuta ada ya uendeshaji, ada ya mwaka ya kadi, makato ya ujumbe wa simu, pengine ada ya huduma ambayo hukuwahi kuitumia. Juu ya ada za benki kuna VAT ya asilimia 18, na ushuru wa bidhaa pia upo, kwa hiyo ukitajiwa bei uliza kama kodi imeshajumlishwa ndani. Tofauti ndogo ndogo zikikaa mwaka mzima kwenye akaunti tatu zinakuwa mfuko wa mbolea.

Usiiache akaunti ife yenyewe. Akaunti iliyotelekezwa inaweza kuendelea kukatwa hadi ikakaribia hasi, na siku ukija kuomba mkopo hapo unaanza kueleza mambo ya zamani. Kabla ya kufunga, hakikisha hakuna marejesho ya mkopo wala mchango wa SACCOS unaopita humo. Nenda mwenyewe na kitambulisho cha NIDA na kadi, toa kilichobaki, omba barua inayosema akaunti imefungwa, na uitunze.

Ningekuwa wewe ningefunga moja na kubakiza moja kwa ajili ya ada za watoto. Chagua aina isiyo na ada ya mwezi, usichukue kadi wala usiiunganishe na simu. Weka agizo la kudumu ili kila mshahara ukiingia, kiasi kihamie humo. Kutembea mpaka tawini kutakupa muda wa kujiuliza kama kweli unaitaka hiyo hela, na Januari ikifika ada ipo.

Benki yangu inasema nikilipa kwa kadi naingia kwenye droo. Ndizo hizo bonasi za Marekani? (Mfanyabiashara, Mwanjelwa)

Hapana. Bonasi ya kule, kama zile pointi za swali la kwanza, ni mkataba: ukitimiza sharti, unalipwa. Droo, kama ile ya MastaBata ya NMB, ni bahati. Kuna atakayepata na wengi watakaokosa. Si jambo baya. Kama ulikuwa unalipia bidhaa, lipa kwa kadi uingie. Usinunue kitu ili uingie kwenye droo.

Kadi nyingi tulizo nazo mfukoni ni za kutoa pesa yetu wenyewe. Kadi ya mkopo hapa nchini hutolewa na benki chache, na mara nyingi wanataka mshahara upitie kwao au uweke amana ya kudumu kama dhamana. Kwa biashara ya sokoni, faida kubwa zaidi ni Lipa Namba iliyo tofauti na laini ya nyumbani. Jioni unafungua unaona mauzo ya siku peke yake, bila kuchanganya na hela ya mboga aliyotuma shemeji.

Nimeuza parachichi, nina milioni 12. Benki wananipa asilimia 8 kwa mwaka kwa amana ya kudumu. Je, benki ikifungwa? (Mkulima, Njombe)

Ndugu yangu, Njombe mna haki ya kuuliza hivyo kuliko mkoa mwingine wowote. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa kukosa mtaji wa kutosha, na mojawapo ilikuwa Njombe Community Bank. Wakati ule kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, yaani kiasi cha juu anachorudishiwa mteja benki ikifungwa, ilikuwa shilingi 1,500,000 tu. Tangu 2023 imepandishwa hadi 7,500,000. Kinga hiyo ni kwa mteja mmoja katika benki moja, hata kama ana akaunti nne humo. Kwa hiyo milioni 12 usiiweke sehemu moja. Saba benki hii, tano benki ile, zote zikiwa chini ya kinga.

Upande wa faida, hesabu ni rahisi. Milioni 5 kwa asilimia 8 ni 400,000 kwa mwaka. Serikali huchukua kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye riba, yaani 40,000, unabaki na 360,000. Uliza mambo mawili kabla hujatia saini: ukivunja mkataba mapema utapoteza riba kiasi gani, na muda ukiisha fedha itarudi kwenye akaunti yako au itajifunga yenyewe mwaka mwingine. La pili watu hawaliulizi. Mtu anakuja msimu wa kupulizia dawa anakuta fedha imefungwa tena. Na usiifunge yote. Acha pembeni ya dawa, ya vibarua na ya dharura ya nyumbani.

Nikilipa kwa kadi Lusaka, mashine inaniuliza kama nataka shilingi au kwacha. Nichague nini? (Dereva, Tunduma)

Kwacha, kila mara. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilisha, na anaweka faida yake juu. Ukichagua kwacha, kazi hiyo inakwenda kwa mtandao wa kadi na benki yako, na kwa kawaida bei yao ni nafuu. Kwenye ATM pia utaulizwa vivyo hivyo. Kataa ubadilishaji wao. Toa mara moja kiasi kinachotosha safari badala ya kidogo kidogo, maana kila kutoa kuna ada. Na waarifu benki yako kabla hujavuka mpaka, wasije wakaifunga kadi wakidhani imeibwa.

Nilikopa kwenye programu ya simu. Niliomba 50,000, ikaingia 38,000, baada ya siku 7 wanadai 65,000. Sasa wanawatumia ujumbe watu wote kwenye simu yangu kuwa mimi ni tapeli. Nina aibu hata ya kwenda darasani. (Mwanafunzi, Iringa)

Mdogo wangu, inua kichwa. Waliofanya kosa la kukuchafua ni wao. Umepokea 38,000 na unadaiwa 65,000: nyongeza ya 27,000 kwa wiki moja, zaidi ya asilimia 70. Hiyo ni kausha damu iliyohamia kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali. Tafuta kama yako imo.

Jambo la kwanza, usikope programu nyingine kulipa hii. Vijana wengi huingia shimoni hapo. La pili, piga picha ujumbe wote wa vitisho na uhifadhi. Halafu nenda kwenye mipangilio ya simu uiondolee programu ruhusa ya kusoma majina na picha, kisha uifute. Watu wako wa karibu waandikie wewe mwenyewe, mstari mmoja tu: "Nimekopa, nadaiwa, mkipata ujumbe puuzeni." Nguvu ya hawa watu ni siri yako, ukiitoa wewe, wanabaki na kelele.

Kusambaza namba na jina lako kwa watu wengine kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kuna Tume inayosimamia sheria hiyo. Peleka malalamiko huko, na matusi na vitisho upeleke polisi. Malalamiko ya ukopeshaji unaweza kuyapeleka Benki Kuu, na tawi lao lipo Mbeya. Ile 38,000 uliyopokea ni deni. Zungumza nao kwa maandishi uirudishe, na kila shilingi unayolipa iwe na risiti.

Bibi yetu Kyela anapokea ujumbe kila siku: "ile hela itume kwenye namba hii." Juzi nusura atume. (Mjukuu, Mbeya mjini)

Namba za namna hiyo zitume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, bure. Kisha piga *106# kwenye simu ya bibi uone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa NIDA yake ambayo haijui. Kama ipo, mpeleke kwenye duka la kampuni husika wakaifute. Mwekeeni utaratibu mmoja: hatumi hela kwa ujumbe, ila kwa sauti ya mtu anayemfahamu, na yeye ndiye apige. Namba ya siri abadilishe leo, na asimpe wakala aiandike kwa niaba yake, hata kama ni jirani.