Jibu: Mkaa, gesi au umeme, nihamie wapi?

Dada, umeuliza kama hapo Ngamiani, Tanga, uache mkaa uhamie gesi ya mtungi au umeme. Gesi inanusuru misitu, sawa, ila nayo ni zao la mafuta ya ardhini kama petroli. Mimi nakushauri jiko la presha la umeme. Maharage nayaloweka usiku, asubuhi nayatia jikoni, nazi pembeni ikisubiri; saa moja haiishi yanapondeka kwa kidole, na uniti moja haijakatika. Sufuria haina masizi hata chembe! Umeme wenyewe kwa sehemu unatoka mkoani kwetu: kituo cha New Pangani Falls ni megawati 68 za maji ya mto. Chapati bado napikia mkaa. Wewe anza na maharage, ndiyo yanayomaliza gunia la mkaa.