Jaribu kugeuza Pugu

Mdogo wangu, pole kwa hiyo treni ya Pugu ya hapa Dar, unayolalamika kwamba inachelewa na inajaa. Unapandia Gongo la Mboto, unafika Stesheni shati limekunjamana, na bosi kashaanza kukutazama kwa jicho la pembeni.

Kuchelewa hakutaisha leo. Reli ile ni ya njia moja tangu enzi za Mjerumani. Treni mbili hupishana penye stesheni tu, moja ikikawia nyingine inaisubiri. Kwa hiyo acha kupanda ile inayokufikisha dakika tano kabla ya kazi. Panda ya kabla yake, hata kama itabidi ulale saa tatu kama kuku.

Kuhusu msongamano, fanya kama watu wa daladala: geuza. Alfajiri panda gari hadi Pugu, treni inakoanzia, upate kiti. Nauli inaongezeka, najua, lakini miguu nayo ina gharama. Mlangoni usining'inie. Begi kifuani, simu mfuko wa mbele. Shati livalie ofisini. Mimi husafiri na fulana, wenzangu walinicheka wiki moja tu.

Mto Msimbazi ukifurika, mpigie bosi kabla hujatoka nyumbani, maana hapo hata daladala hazikuokoi.