Hapa Niseme Ngapi, Mama?

Mwanangu wa kati alitimiza miaka sita mwezi wa saba mwaka 2024, na kwa wiki kadhaa hakuna mgeni aliyeingia nyumbani kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, bila kuonyeshwa: vidole vitano vya mkono wa kulia, na kidole gumba cha mkono wa kushoto kimesimama peke yake. Sita. Ni mdogo wa umbo, amefuata upande wa babu yake, na nadhani ndiyo maana kile kidole cha sita alikithamini sana. Watu wamezoea kumdhania ana minne. Yeye alikuwa na ushahidi mkononi.

Mwezi wa nane ukaja na Nanenane. Wifi yangu alitoka Singida na wanawe wawili kuja kuona maonesho ya Nzuguni, na siku moja kabla hawajarudi tukakubaliana kuwapeleka watoto mahali pa michezo, penye bembea za umeme, treni ndogo na puto kubwa la kurukia. Getini palikuwa na ubao. Mtu mzima 3,000. Mtoto wa miaka 5 hadi 12, 5,000. Chini ya miaka 5, bure. Nikapiga hesabu palepale kwenye foleni: sisi wawili 6,000, watoto waliofikia mitano, wake mmoja na wangu wawili, 15,000, jumla 21,000. Pochini nilikuwa na 30,000, na humo itoke bajaji ya kurudi, chipsi na soda.

Wifi akaninong'oneza, "Huyu mdogo hivi, nani atajua? Mwambie aseme minne."

Simlaumu wifi. Yeye alinong'ona tu, niliyetenda ni mimi. Mwanangu alishaanza kunyanyua mikono yote miwili, kwa sababu aliona watoto wa mbele wanaulizwa umri na zamu yake inakaribia. Nikaushika ule mkono wa kushoto, wenye kidole cha sita, nikaushusha. Nikainama, nikamwambia, "Hapa utasema minne." Alinitazama. Binti aliyekuwa anakata tiketi alipomuuliza, akakunja gumba la mkono wa kulia, akaonyesha vidole vinne. Binti akatabasamu, akamfunga utepe wa njano.

Nje hapakuwa na maelezo ya rangi za tepe, nikazielewa baada ya kuingia. Utepe wa njano ni wa wale wanaoingia bure, na wao wana kona yao: mchanga, kibembea kifupi, vigari vya kusukuma. Wa bluu ndio wanaopanda treni na kuruka kwenye puto. Kaka yake na binamu yake wakapita na bluu zao. Yeye akazuiwa, tena kwa upole kabisa: "Hapana baba, wewe bado mdogo, ukikua." Akanyanyua mikono yote miwili kumwonyesha yule kijana vidole sita. Kijana akauangalia ule utepe, kisha akaniangalia mimi.

Nilinyamaza. Ningesema ukweli, ningejifichua mbele ya watu. Mwanangu alikaa karibu saa mbili kwenye mchanga na watoto wanaovaa nepi, akishika uzio, akimtazama kaka yake akiruka. Kwa 5,000.

Ningeweza kuishia hapo na kusema nilijifunza, lakini siku ile sikujifunza. Nilijisikia vibaya, nikanunua chipsi, tukarudi. Kilichonigeuza kilitokea mwezi wa kumi. Mtoto alipata homa usiku, asubuhi nikampeleka zahanati. Muuguzi akafungua daftari, akamuuliza mwenyewe kwa upendo, kama wanavyofanya, "Baba, una miaka mingapi?"

Mwanangu hakumjibu. Aligeuka kwangu, macho mekundu kwa homa, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, hapa niseme ngapi?"

Wazazi wenzangu, sijui nilieleze vipi hilo. Mnajua kwamba kwenye vituo vya afya vya serikali mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo. Muuguzi alijua, nami nilijua anachofikiri. Lakini aibu yangu kwa muuguzi haikuwa kitu. Kilichonichoma ni kwamba kijana aliyekuwa akiwaonyesha wageni vidole sita kwa fahari sasa alikuwa na umri wa kuuliza kwanza. Umri wake nilikuwa nimeugeuza kuwa kitu kinachotegemea mahali na bei. Tena pale ulikuwa ni umri wa kupewa dawa. Dawa ya mseto ya malaria hufuata uzito, na pale kuna mizani. Lakini fikiria duka la dawa, muuzaji anasoma kibandiko cha chupa ya syrup na kuuliza, "Ana miaka mingapi?" Mtoto aliyefundishwa kwamba kuna majibu mawili anaweza kutoa lolote kati ya hayo.

Kazi yangu ni ushonaji, nina cherehani yangu karibu na soko la Majengo. Kuanzia Desemba mpaka wiki za mwanzo za Januari napima watoto wa sare kutwa nzima. Kwa hiyo naweza kuwaambia kitu ambacho futi yangu imenifundisha: umri haukai mwilini. Nimeshona sketi za mabinti wawili wa darasa moja, wote wana saba, mmoja nikakata kitambaa karibu mara moja na nusu ya mwenzake. Ndiyo maana getini wanauliza badala ya kupima. Wanakuuliza wewe kwa sababu wewe tu ndiye unayejua. Swali lile ni imani wanayokupa, na ukilidanganya unatumia imani hiyo.

Na kwenye kupima sare huwa nasikia ukweli wote. Mama ananiambia, "Ana saba, anafunga nane mwezi wa tatu, acha upindo mrefu." Hakuna anayemdanganya fundi, gauni litambana. Ila mama huyohuyo, mtoto akiwa na mitano na nusu, atamwongezea mwaka ili apokelewe darasa la kwanza, kisha mwezi wa sita akienda mahali pa michezo anamshusha hadi minne. Mtoto mmoja ana umri wa aina tatu ndani ya miezi sita. Anasikia yote. Tunadhani hasikii kwa sababu tunaongea juu ya kichwa chake.

Kuna mtu mwingine anayelipa, naye pia hatumfikirii. Jirani yangu mmoja aliwahi kukata tiketi kwenye sehemu ya aina hiyo, si hiyo niliyoisema. Alikuwa analipwa kwa siku. Jioni msimamizi alihesabu vishina, na katikati ya siku alipita ndani akitazama tepe za watoto. Akikuta mtoto mkubwa mwenye utepe wa bure, tofauti inakatwa kwa aliyempitisha. Kuna siku alirudi nyumbani na nauli tu. Mimi nilikuwa najiambia kwamba namnyima tajiri mwenye kiwanja elfu tano yake. Inawezekana kabisa nilimnyima binti aliyetabasamu.

Msinielewe vibaya kuhusu hela. Elfu tano ni hela. Ni unga, ni mkaa. Ila nimegundua kishawishi hakitokani na umaskini peke yake. Binamu yangu anaishi Marekani, na aliniambia kwamba kwenye viwanja vya Disney kule Florida mtoto wa chini ya miaka mitatu anaingia bure, wa mitatu hadi tisa ana tiketi ya mtoto, na akifika kumi anahesabiwa mtu mzima. Tiketi ya siku moja inapita dola mia moja. Na watu wenye uwezo wa kufika huko, anasema, nao wanamweka mtoto wa mitatu na nusu kwenye kigari cha kusukuma wakidai bado ana miwili. Kwa hiyo usisubiri kuwa na hela ndipo useme ukweli. Hela ikiongezeka, kiingilio nacho kinapanda.

Sasa niseme ninavyofanya.

Kwanza nilizungumza na mtoto. Kwetu mzazi kumwomba mtoto radhi si kawaida, mimi mwenyewe sikumbuki kuombwa. Nilimkalisha jioni, homa imeshashuka, nikamwambia, "Siku ile getini mama alisema uongo, na nikakutuma na wewe useme. Nilikosea. Una miaka sita, na popote utakapoulizwa ni sita." Akaniuliza, "Hata kama hela haitoshi?" Nikasema hata kama haitoshi. Wiki mbili baadaye tulirudi pale, tukamkuta binti yuleyule. Nikampa elfu tano ya Agosti. Alichanganyikiwa kidogo, hakujua aiandike wapi, mwisho akakata tiketi akampa mtoto. Akaingia na utepe wa bluu, mimi nikasubiri nje kwenye kivuli.

Ukitaka kuepuka mtihani wa foleni, uliza bei kabla hujatoka nyumbani. Piga simu, au mtume mtu. Mimi nilidanganya kwa sababu niliisoma bei nikiwa tayari nimeshikwa mikono na watoto watano wenye furaha. Hesabu inayopigwa mezani usiku inakupa nafasi ya kusema, "Jumamosi hii hatuwezi, tutakwenda mwisho wa mwezi." Ile ya getini haikupi.

Jua pia mipaka, maana haifanani. Kwenye treni ya SGR mtoto wa chini ya miaka minne halipi, wa minne hadi kumi na miwili analipa nusu. Nauli zilipotangazwa mwaka 2024, Dodoma hadi Dar es Salaam daraja la kawaida ilikuwa 31,000, mtoto 15,500. Hifadhi za taifa chini ya miaka mitano ni bure, na bei ya mtoto inaendelea mpaka kumi na tano. Kwa hiyo kijana wa kumi na nne anayelipa kama mtu mzima mahali pengine, Tarangire bado ni mtoto kihalali. Na kama mwanao anafunga mitano wiki ijayo, leo bado ana minne. Mpeleke leo. Hiyo ni haki yako, itumie bila wasiwasi.

Wenye watoto warefu mna tatizo la upande wa pili, mnasema kweli na hamwaminiwi. Mpwa wangu ana minne na watu wanadhani ana saba. Piga picha cheti cha kuzaliwa, au ile kadi ya kliniki, ikae kwenye simu. Usigombane na mtu wa geti, mwonyeshe tu.

Lakini jambo ambalo ningependa mzazi mwenzangu alichukue kuliko yote ni hili: omba. Hatuoni haya kusema "nipunguzie" kwa muuza zabibu barabarani, kwa fundi, kwa bajaji. Mimi mwenyewe naombwa punguzo kila siku na sijawahi kumdharau aliyeniomba. Basi kwa nini getini tunadanganya badala ya kuomba? Mwaka jana nilikuwa na watoto wanne na hela imepungua. Nikamwambia binti, "Dada, hawa wote wamepita mitano, nami nina elfu kumi na tano tu. Nifanyeje?" Akamwita msimamizi, akatukubalia. Mahali pengine nilikataliwa, nikaambiwa nije katikati ya wiki, bei ni nafuu. Tukageuza. Watoto walinuna mpaka Makole, tukanunua ubuyu, wakasahau. Mara zote mbili walisikia mama yao akitaja umri wao vilevile ulivyo, na mara zote mbili hakuna aliyekuja kuniuliza aseme ngapi.

Kama watoto wako wanapelekwa na dada wa kazi au mama mdogo, waambie na wao, tena uwape hela kamili. Ukimpa binti wa kazi elfu kumi kwa watoto watatu, wewe ndiye uliyemtuma adanganye.

Kwa bibi ndipo pananipa shida. Tulipokwenda na mama mkwe Kondoa, kondakta alikuja kukusanya nauli, na mama akamvuta mjukuu wake magotini, akasema, "Huyu bado mdogo, nimempakata." Mtoto alishafunga saba. Akaniangalia, na mikono yake ikaanza kunyanyuka taratibu. Siwezi kumsahihisha mama mkwe mbele ya basi zima, na sikutaka mtoto aushushe tena ule mkono. Nikafungua pochi haraka, nikampa kondakta nauli ya mtoto kabla mama hajamaliza sentensi, nikasema, "Shika, na ya huyu wa saba." Mama alinyamaza mpaka tulipopita Chemba. Kisha akamtoa mjukuu magotini, akasogea, akampa kiti cha dirishani.